Biashara ikiwa na shida, hivi ndivyo unamwachia msaidizi usukani

Naandikia mtu mwenye biashara ya watu kama 8 hadi 20 hapa Nairobi, na saa hii mambo yamemkaba koo, anadaiwa na anadai, simu hailali, na bado saa mbili asubuhi lazima mlango ufunguliwe na watu wapewe kazi. Mimi nina karakana ya kushona yunifomu za shule na overoli huko Kariobangi Light Industries. Mafundi 12, mkataji mmoja, wawili wa pasi na kupaki, na msaidizi wangu ambaye tumekaa naye miaka saba, aliingia akishona vifungo.

Shida yetu ilianza na shule moja iliyochukua pulova, sketi na suruali za karibu milioni moja na laki mbili mwezi wa kwanza, tukakubaliana siku 30, zikaenda 60, zikapita 90. Shule yenyewe ilikuwa inangoja pesa za serikali, zile ambazo kwa makaratasi ni Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka lakini zinakuja vipande vipande na zikichelewa. Basi mwenye kitambaa wangu wa Eastleigh akakataa kunipa tena kwa deni, sacco ikaanza kupigia wadhamini wa mkopo wangu simu, na mmoja wa wadhamini ni shemeji yangu. Nikawa siku nzima niko njiani, asubuhi shuleni kwa basa (mwenye kushika pesa za shule), mchana Eastleigh kubembeleza, jioni sacco, na karakana nimemwachia msaidizi kwa mdomo tu, "angalia angalia hapo, nakuja."

Hapo ndio nilikosea. Siku moja nilihesabu simu 27 kutoka karakana. Uzi wa maruni umeisha tununue? Tokeni za stima zimebaki kidogo tuweke ngapi? Kastoma anataka kupunguziwa, tumpunguzie? Na mkataji wangu, mzee ambaye amekata kitambaa kabla mimi nijue kushika mkasi, alikataa kukata oda ya sketi juu msaidizi ndiye alimwambia. Alimjibu tu, "Madam hajaniambia mimi." Meza ya kukatia ikalala siku tatu, mafundi wamekaa, na hao mafundi wanalipwa kwa kila nguo, kwa hivyo wao ndio waliumia kwanza. Msaidizi nilimpa kazi yangu lakini sikumpa ruhusa yangu. Hatua ninazoandika hapa ndizo nilifuata baada ya hiyo wiki, na ningezijua mapema singepoteza hizo siku.

Hatua ya 1: Andika kila kitu unachoulizwa kwa siku tatu

Chukua daftari, kila swali linalokuja kwako liandike, hata la sukari ya chai. Usichuje. Siku ya nne ukae chini uyagawe mara mbili. Upande mmoja weka mambo ya kuokoa biashara: ile shule inayodaiwa, sacco, mwenye kitambaa, landilodi, KRA (watu wa kodi). Upande wa pili weka mambo ya kuendesha biashara: nani anashona nini, stoku, kastoma wa kawaida, kuchelewa kazini, mashine imeharibika, nani anaenda likizo ya mazishi. Upande wa kwanza ni wako. Wa pili unaondoka wote mikononi mwako, na nikisema wote namaanisha hivyo, juu ukibakisha vitu viwili vitatu hapo utajikuta umerudi kwa simu 27.

Mimi kwangu maswali yalikuwa 61 kwa siku tatu na 50 hivi yalikuwa ya upande wa pili. Nilishangaa sana. Yale 11 ndiyo yangefunga biashara, na ndiyo nilikuwa nayapatia muda wa jioni nikiwa nimechoka.

Hatua ya 2: Chagua mtu ambaye watu tayari wanamuuliza

Hii haihitaji mambo mengi. Angalia wakati haupo watu wanamwendea nani. Huyo ndiye. Usitoe ndugu yako nyumbani umlete asimamie watu ambao hajui hata majina yao, najua wakati wa shida mtu unaona damu ndio ya kuaminika, lakini huyo ndugu ataanza kujifunza kazi wakati nyumba inaungua, na stafu watajua umeacha kuwaamini.

Hatua ya 3: Mwambie ukweli, na umwambie mbali na karakana

Hapa ndio wengi wetu tunaogopa. Tunaona tukisema shida, msaidizi atatafuta kazi kwingine au ataambia wengine na watu waanze kukimbia. Lakini fikiria, huyu mtu ameona mwenye kitambaa akija akikaa kwa kiti chako saa moja bila kunywa chai. Ameona umeacha kuleta kitambaa kwa roli unaleta kwa boda. Anajua kuna kitu. Kile hajui ni ukubwa wake, na asipojua anajaza mwenyewe, na mtu akijijazia huwa anajaza mbaya zaidi.

Nilimpeleka hoteli, tukaagiza chai na chapati, nikamwonyesha karatasi yenye nambari tatu tu: pesa iliyoko, pesa tunayodaiwa na lini, na tunaweza kulipa watu kwa wiki ngapi hata kama ile shule haitoi kitu. Ilikuwa wiki tano. Akanyamaza, akauliza, "Madam, kwani tunafunga?"

Nikamwambia, "Sijui bado. Lakini wiki tano najua ziko, na hizo wiki tano nataka nikimbizane na pesa, wewe ukimbize karakana. Ukikataa sitakuwa na kinyongo na wewe."

Akauliza swali moja tu lingine, kama mkataji atamsikiza. Hakuuliza pesa. Lakini wewe ongea pesa mwenyewe, usingoje aulize, juu mtu mwenye heshima hataomba wakati anaona unalia. Mimi nilimwongezea Sh6,000 kwa mwezi kwa hiyo kazi ya ziada na nikaandika. Kama huna hata hizo, andika utamlipa nini na lini, usimwambie "Mungu atatukumbuka." Anabeba mzigo wako akiwa na kodi yake ya nyumba.

Hatua ya 4: Mpe uamuzi ukiwa na kiwango cha shilingi

Hii ndiyo roho ya hii maneno yote kwa hivyo nitakaa hapa kidogo. Ukimwambia mtu "nunua vitu vidogo vidogo", kidogo ni ngapi? Kwako ni elfu kumi, kwake ni mia tano, na akiwa mwoga ataomba ruhusa ya mia mbili. Kwa hivyo weka namba. Za kwangu zilikuwa hivi, wewe weka zako kulingana na biashara yako.

Kununua uzi, vifungo, zipu, tokeni na kurekebisha mashine, mpaka Sh5,000 kwa siku asiniulize kabisa, anunue aweke risiti. Kati ya 5,000 na 20,000 anaandika meseji na anangoja jioni, isipokuwa kama kazi imesimama, hapo anaamua mwenyewe kisha ananiambia. Kupita hapo ni mimi. Kupunguzia kastoma, asilimia 5 kama analipa pesa taslimu siku hiyo, zaidi ya hapo hapana. Oda mpya anachukua yoyote ile mradi dipoziti ni nusu na imeingia kabla kitambaa hakijakatwa, hii sheria hata mimi mwenyewe sikuwa naifuata na ndiyo ilinifikisha hapo. Nguo ikirudi imeshonwa vibaya, inarekebishwa bure bila mjadala. Vibarua mpaka watatu kwa wiki, lakini anaandika siku walizofanya, kwa sababu Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua akifanya siku mfululizo zikafika mwezi mmoja, huyo ashaanza kuhesabiwa kama mtu wa kuandikwa kwa mwezi, na kwa fujo ya shida ni rahisi kusahau mtu yuko hapo tangu lini.

Hizi zote ziandikwe. Barua yangu ilikuwa fupi, nilipiga picha nikamtumia na nyingine nikabandika kwa ofisi:

"Kuanzia Jumatatu, kwa wiki sita, msaidizi wa karakana ndiye anasimamia kazi zote za ndani: kugawa kazi, kununua vifaa hadi Sh5,000 kwa siku, kupokea oda zenye dipoziti ya nusu, ruhusa za kutokuja kazini, na ubora wa nguo. Akisema kitu katika haya, ni mimi nimesema. Mwenye malalamiko aanze kwake, asiporidhika aje kwangu Ijumaa saa kumi."

Huo mstari wa mwisho usiuache. Watu wanahitaji pahali pa kulalamika, lakini pawe na siku na saa, isiwe kila mtu anakuendea chini kwa chini kwa WhatsApp.

Hatua ya 5: Pesa, PIN na benki

Usimpe PIN yako ya M-Pesa. Hata kama unamwamini na maisha yako. Pesa ikipotea siku moja, hata kama ni wewe ulisahau ulituma wapi, hiyo shaka itakaa kati yenu na haitatoka. Kama unatumia tili ya biashara, ongea na Safaricom msaidizi awekwe kama opereta kwa namba yake, aone malipo yakiingia bila kushika simu yako. Ya matumizi madogo mtumie kila Jumatatu, kwangu ilikuwa Sh15,000, na Jumamosi mnakaa mnalinganisha risiti na zilizobaki. Ikichukua zaidi ya dakika 20 ujue daftari haliandikwi.

Benki ni hivyo hivyo. Kama unaona kuna siku utakosekana kabisa, pengine unaenda kulazwa au unasafiri, mwongeze kama mtu wa pili wa kusaini, na barua iseme wote wawili lazima wasaini. Kama ni kampuni ya limited benki itataka azimio la wakurugenzi, kwa hivyo anza mapema, usingoje siku ya mishahara.

Hatua ya 6: Vitu ambavyo havitoki mkononi mwako

Kuna vitu bosi akimsukumia msaidizi anakuwa amemwonea. Cha kwanza ni kufuta watu. Msaidizi wako alikuwa jana mwenzao, leo umemtuma awaambie waende? Na sheria yenyewe iko wazi: mtu akifutwa kwa makosa au kwa kazi mbovu, kifungu cha 41 cha hiyo Sheria ya Ajira kinataka aelezwe sababu kwa lugha anaelewa na mwenzake akiwa hapo, asikizwe. Kama ni kupunguza watu juu kazi imeisha, kifungu cha 40 kinataka notisi ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi au chama chake na kwa afisa wa leba, na malipo ya si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Ukikosea hapo kesi inakuja kwako. Kaa na watu wako mwenyewe uwaambie.

Cha pili ni ahadi za tarehe kwa wanaokudai. Mwenye kitambaa akipiga simu karakana, msaidizi aseme, "Bosi atakupigia leo kabla ya saa kumi na moja," basi. Na wewe piga kweli. Akianza kuahidi "Ijumaa", Ijumaa ikifika bila pesa jina lake ndilo limeharibika, na huyo siku moja atataka kununua kitambaa chake mwenyewe hapo.

Cha tatu ni makato ya wafanyakazi. PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na levi ya nyumba zinafaa kuwa zimelipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20. Msaidizi anaweza kukuandalia siku za kazi na hesabu, lakini kulipa ni wewe, na pasiwodi ya iTax, ule mtandao wa KRA, ikae kwako au kwa wakala wako wa kodi. Najua jaribu lenyewe, nimelala nalo: pesa ya makato iko pale, kitambaa kinahitajika kesho, na unajiambia utarudisha. Ile asilimia 2.75 ya SHIF uliyomkata fundi si pesa yako. Siku mtoto wake anaugua usiku, anafika hospitali anaambiwa hajalipiwa, na asubuhi anakuja karakana analia mbele ya nani? Mbele ya msaidizi wako, ambaye hakujua. Mimi mwezi mmoja niliponea chupuchupu, nikauza overloki moja iliyokuwa imekaa bure nikalipa makato, na sijawahi kujutia hiyo mashine.

Hatua ya 7: Tangaza mbele ya kila mtu, yeye akiwa amesimama kando yako

Barua peke yake haitoshi. Nilikusanya watu Jumatatu saa mbili kamili, mashine zimezimwa. Nikasema tuna shida ya pesa kwa sababu kuna shule haijalipa, mishahara ya wiki tano iko, na kwa wiki sita huyu ndiye atasimamia. Kisha nikamgeukia mzee wa kukata mbele ya wote, nikamwambia kwa heshima, "Mzee, wewe ndiye mkubwa hapa. Nakuomba umshike mkono. Akikuambia ukate, kata, na ukiona amekosea mwambie kando."

Akakohoa, akasema, "Sasa umeniambia." Oda ya sketi ilikatwa siku hiyo hiyo. Mtu mzima hakuwa anakataa mwanamke mdogo kumwambia kitu, alikuwa anakataa kupitishwa pembeni, na mimi kwa haraka zangu sikuwa nimempa hiyo dakika moja yake.

Sasa baada ya kutangaza kuna mtihani utakuja, na utakuja wiki ya kwanza. Mtu atakupigia moja kwa moja: "Madam, huyu ameninyima ruhusa na nina harusi." Jibu ni moja, "Umeongea na yeye? Rudi kwake." Hata kama unajua ungempa ruhusa. Ukimpa wewe hapo, kazi yote ya Jumatatu imeisha na msaidizi wako hatakuwa na neno tena. Ukiona ameamua vibaya ongea naye jioni, yeye mwenyewe ndiye abadilishe.

Hatua ya 8: Simu moja jioni

Saa mbili usiku, dakika 15. Nini kimetoka leo, nini kimekwama, kesho unahitaji nini kutoka kwangu. Mchana anapiga kwa mambo manne tu: mtu ameumia, moto au wizi, askari wa kaunti au dalali amefika mlangoni, au ile shule imepiga. Hayo mengine yote yanangoja. Siku mbili za kwanza utashikwa na hamu ya kupiga wewe, "mambo vipi huko?" Jizuie. Ukipiga mara tatu kwa siku ni kama bado uko pale.

Hatua ya 9: Atakosea, na hapo ndio wengine wenu mtaharibu

Wiki ya tatu msaidizi wangu alichukua oda ya overoli 60 kwa bei ya zamani, kabla kitambaa hakijapanda. Dipoziti alichukua vizuri, lakini tulipopiga hesabu tulikuwa tumepoteza kama Sh14,000. Alikuja ananiambia mwenyewe, mikono inatetemeka, na wakati huo Sh14,000 kwangu ilikuwa kitambaa cha siku mbili. Nilihisi hasira, sikatai. Nikatoka nje nikanunua maji, nikarudi. Nikamuuliza bei aliitoa wapi. Kumbe aliitoa kwa daftari langu la mwaka uliopita, juu bei mpya zilikuwa kichwani mwangu tu na sikuwahi kuziandika mahali popote. Sasa hilo kosa ni la nani? Tukashona zile 60 kwa bei aliyokubali, kwa kastoma nikamtetea, na usiku huo nikaandika bei zote kwa karatasi moja.

Kama angejua nitamfokea, hiyo oda ya overoli ningeijua mwezi uliofuata, na zingekuwa oda tano za namna hiyo.

Kitu chenye kinavunja ni uwongo. Akificha risiti, akikopa dipoziti ya kastoma "nitarudisha", hapo usingoje wiki sita ziishe. Mtoe kwa hiyo nafasi siku hiyo, umsikize kama sheria inavyotaka, na uwaambie watu nani anasimamia kuanzia kesho.

Hatua ya 10: Tarehe ya kurudi

Ndio maana barua ilisema wiki sita. Bila tarehe, msaidizi hajui kama anasaidia ama amekuwa meneja kwa mshahara wa zamani, na wewe ukirudi siku moja tu unaanza kuamuru, anaona umemshusha. Wiki ya sita mkae tena na ile karatasi ya kiwango, kila mstari mmoja mmoja: hiki unabaki nacho, hiki narudisha, hiki tunapandisha.

Shule ililipa nusu wiki ya tano na iliyobaki ikaja kwa awamu tatu. Sacco tulipanga upya. Siku tulipokaa na karatasi nilikuwa nimejiandaa kuchukua karibu kila kitu, na alipoanza kunionyesha daftari lake la stoku, nguo ngapi zimerudi kwa kila fundi, uzi gani unaisha kila baada ya siku ngapi, vitu ambavyo mimi sikuwahi kuviandika kwa miaka yote, nilirudisha mistari miwili pekee, oda za zaidi ya laki mbili na bei. Kiwango cha kununua tukakipandisha kikawa Sh8,000, ile Sh6,000 ikaingia kwa mshahara wake moja kwa moja, na mzee wa kukata akiwa na swali la kitambaa siku hizi ananipita mlangoni anaenda kwa meza ya msaidizi.